Kupiga Gari Polishi kwa Mkono: Cha Kufanya na cha Kuacha

Chupa ya polishi haiongezi kitu kwenye rangi ya gari, inapunguza. Ndani yake mna chembechembe ngumu, nyingi zikiwa za oksidi ya alumini, ndogo kiasi kwamba ukizisugua kati ya vidole huzihisi, na kazi yake ni kuparuza uso wa rangi hadi ulingane. Mwanga ukiangukia uso uliolingana hurudi kwa pamoja, ndipo tunasema gari linang'aa. Ukiangukia uso uliojaa mikwaruzo hutawanyika, ndipo tunasema gari limepauka. Mwenye gari akishalijua hilo, maswali mengi anayouliza dukani hujijibu yenyewe: kwa nini polishi haipigwi kila mwezi, kwa nini haihitaji ubabe, na kwa nini mkono, pamoja na uchovu wake wote, ni salama kuliko mashine kwa mtu ambaye hajaisomea kazi hii.

Rangi ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Gari la kisasa likitoka kiwandani huwa na matabaka manne juu ya bati: dawa ya kuzuia kutu, praima, rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Yote kwa pamoja yana unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi. Karatasi moja ya kawaida ya kuchapia ina maikroni 100. Klia peke yake ni kama maikroni 35 hadi 50, yaani nusu ya karatasi hiyo au pungufu. Ndiyo inayobeba mng'aro, na ndiyo yenye kemikali za kuzuia miale ya jua isiiunguze rangi iliyo chini. Polishi laini ya mkono hula sehemu ndogo sana ya akiba hiyo. Kompaundi kali kwenye mashine, mikononi mwa kijana mwenye haraka, inaweza kuimaliza kwenye ukingo wa boneti kwa sekunde chache.

Na magari mengi ya huku hayaanzi na akiba kamili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8. Tanzania hupokea makuukuu zaidi kwa kodi ya ziada. Gari lililotumika Japani miaka hiyo yote linaweza kuwa limeshang'arishwa kabla ya kuuzwa huko, likang'arishwa tena yadi lilipofika, na mwenyewe wa kwanza hapa nyumbani akalipeleka kwa mafundi kabla ya kukuuzia wewe. Hakuna mahali panapoandikwa ni mara ngapi. Kwa hiyo anza kwa kudhani kwamba klia iliyobaki ni kidogo.

Lichunguze kwanza

Osha gari, likaushe, liweke mahali penye kivuli kizito au subiri giza liingie, kisha washa tochi ya simu na uishike nusu mita hivi juu ya boneti. Kama rangi imechoka utaona utando wa buibui ukizunguka nuru ya tochi. Sogeza simu, na utando nao unasogea. Si kwamba mikwaruzo imechorwa kwa mduara. Imekwenda kila upande, ila inayoonekana ni ile iliyokaa mkabala na mwanga. Hiyo ndiyo mikwaruzo ambayo polishi ya mkono inaweza kuipunguza.

Mkwaruzo mmoja mrefu, kama ule wa ufunguo au wa mwiba wa michongoma, upime kwa ukucha. Pitisha ukucha polepole kuukatiza. Ukinasa, mkwaruzo huo umezama kuliko polishi inavyoweza kufika, na kuusugua sana ni kuchimba shimo kuuzunguka. Ukiona ndani yake rangi ya praima au bati, unahitaji rangi ya kuziba, na upesi, hasa kama unaishi pwani ambako hewa ya chumvi haiachi bati lililo wazi likae hivihivi.

Kisha angalia paa, boneti na sehemu ya juu ya buti. Ukikuta mabaka meupe yenye kingo zinazobanduka, hiyo ni klia iliyokufa kwa jua. Hapo usiguse na polishi. Kila ukisugua, kingo zinabanduka zaidi na baka linakua. Dawa yake ni fundi rangi, msasa na klia mpya. Ni afadhali uambiwe hivyo sasa kuliko baada ya kumaliza Jumamosi nzima.

Jambo la mwisho la kujua ni kama gari lako lina klia au halina. Magari mengi ya zamani, na baadhi ya yale yenye rangi moja tupu, hasa nyeupe, hayana. Rangi yenyewe ndiyo uso. Weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe (au cheusi, kama gari ni jeupe) na usugue mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikija na rangi ya gari, hakuna klia. Unaweza kuendelea, lakini ujue kila kinachobaki kwenye kitambaa ni rangi yenyewe. Wenye Toyota za Japani wana msaada zaidi: tafuta kibao kidogo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mahali palipoandikwa C/TR. Namba tatu za mwanzo hapo ni za rangi. 040 ni nyeupe tupu, 070 ni nyeupe ya lulu, 1F7 ni ya fedha, 202 ni nyeusi tupu. Mwenye 202 ajiandae kwa subira, maana nyeusi hiyo ni laini na haifichi hata alama ya kitambaa kibaya. Mwenye 070 asithubutu kuitoboa. Rangi ya lulu hupakwa kwa matabaka yake, na kuilinganisha na sehemu nyingine za bodi ni kazi ya fundi mzuri, na malipo yake ni mazuri vilevile.

Uoshaji ndio uliokuletea mikwaruzo

Hapa ndipo pa kutumia muda, kwa sababu mikwaruzo mingi unayotaka kuiondoa haikuletwa na barabara. Ililetwa na kitambaa. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Mlinzi mwenye bidii anayefuta gari la bosi kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, ili bosi akitoka alikute linang'aa, analipiga msasa kila siku ya Mungu. Vilevile vijana wa kwenye foleni ambao kitambaa kimoja kimepita kwenye magari ishirini kabla ya lako. Vumbi kavu halifutwi. Linamwagiwa maji.

Mwaga maji mengi kwanza, gari zima, mpaka mchanga ulio juu utiririke wenyewe. Kisha tumia ndoo mbili: moja ya maji ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila baada ya kuosha sehemu moja. Mwisho wa kazi angalia chini ya ile ndoo ya kusuuzia. Mchanga utakaoukuta umetuama humo ulikuwa njiani kuelekea kwenye boneti. Anza na paa, shuka kwenye vioo, boneti, milango, na umalizie chini ya milango na bampa, ambako ndiko kwenye uchafu mwingi. Magurudumu yawe na sponji yao. Sponji ikianguka chini, isirudi kwenye gari kabla haijasuuzwa sawasawa.

Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo. Ina magadi makali, na chembe zake zisipoyeyuka zote zinakwaruza. Maji nayo yana neno lake. Visima vingi vya Dar es Salaam na miji mingine ya pwani vina maji ya chumvi, na matone yake yakikaukia juani huacha madoa meupe yanayoshika kwenye klia. Kama hayo ndiyo maji uliyonayo, osha asubuhi, mwisho suuza kwa ndoo moja ya maji baridi ya bomba au ya mvua, na ukaushe mara moja.

Gari likishakauka, chukua mfuko laini wa mkate. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imeshapigwa marufuku, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, lakini wa mkate bado upo jikoni. Ingiza mkono ndani na upitishe vidole juu ya boneti kwa wepesi. Plastiki huongeza hisia za vidole. Utakuta rangi uliyodhani ni safi ina vipele tele. Hivyo ni utomvu wa mwembe, vumbi la chuma kutoka kwenye breki, ukungu wa rangi kutoka gereji ya jirani. Ukipiga polishi juu yake utavizungusha kwenye klia. Vitoe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ambao unauzwa kama kipande laini kinachofinyangika. Lowesha sehemu kwa maji ya shampuu, telezesha udongo bila kuukandamiza, na uukunje mara kwa mara upate upande safi. Ukianguka chini, utupe, hausafishiki. Tone la lami lililogandamana mlangoni linaweza kutolewa kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha paoshwe hapohapo kwa shampuu. Kulifuta gari zima kwa mafuta ya taa au dizeli ili lipate mng'ao, kama wafanyavyo baadhi ya waosha magari, ni jambo jingine kabisa: mng'ao ule ni wa mafuta, unakamata vumbi kabla hujafika nyumbani, na mipira ya milango inaharibika taratibu.

Siku ya kazi

Chagua siku yenye mawingu au fanya chini ya banda. Weka kiganja juu ya boneti. Kama hukiachi pale bila kuungua, bati ni la moto na polishi itakauka kabla haijafanya kazi. Mchana wa Januari Dar es Salaam au Mombasa haufai, hata kama kivuli kipo. Bandika tepu ya karatasi kwenye plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, mipira ya vioo na nembo, kwa kuwa polishi ikikaukia kwenye plastiki hiyo huacha weupe unaogoma kutoka. Bandika pia kwenye mistari mikali ya bodi, ile kunjo inayopita ubavuni mwa milango na kingo za boneti. Pale klia ni nyembamba kuliko kwingine kote, na shinikizo lote la mkono hukusanyika kwenye mstari mmoja.

Madukani, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road ya Nairobi, utauziwa vitu vitatu ambavyo makopo yake yanafanana. Kompaundi ina chembe kubwa na inakata. Polishi ina chembe ndogo na inalainisha. Waksi, ikiwa waksi kweli, haina chembe, inafunika tu. Nunua polishi laini kuliko zote kwanza. Kopo linalodai kufanya kazi zote tatu kwa mpigo lina kidogo cha kila kimoja, na linafaa tu kwa gari ambalo halina tatizo kubwa.

Chagua eneo la majaribio la sentimita 40 kwa 40 kwenye boneti. Weka kwenye pedi ya sponji matone matatu au manne ya polishi, kila moja kama punje ya choroko. Gusisha pedi sehemu kadhaa za eneo ili polishi isambae, kisha sugua kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, kila mstari ukipanda nusu ya uliotangulia. Ukilimaliza eneo, rudi kwa mistari ya kulia na kushoto. Wengi tumezoea kuzungusha mkono, na polishi haijali. Lakini pedi au kitambaa kikiacha alama, alama iliyonyooka haionekani sana juani kama ya mduara. Bonyeza kiasi cha kuifanya sponji ibonyee kidogo, sio zaidi, na vidole vyote viwe vimelala juu ya pedi. Anayesukuma kwa ncha za vidole huacha mifereji minne.

Angalia polishi inavyobadilika. Mwanzoni ni maziwa mazito yanayofuata pedi. Baada ya kupita mara kadhaa inakuwa ukungu mwembamba, na mwisho utando unaokaribia kutoonekana ambao pedi inateleza juu yake kwa ulaini. Hapo ndipo pa kuacha. Ukiacha mapema, mikwaruzo haijakatwa. Ukiendelea hadi ikauke na kutoa unga, unasugua kwa vumbi. Kwa mkono, eneo moja linaweza kuchukua dakika tatu hadi tano.

Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba kilichokunjwa mara mbili, ambacho kinakupa pande nane za kutumia moja baada ya nyingine. Fulana kuukuu ya pamba si mbaya kama imefuliwa sana, ila kata pindo zote, maana uzi wa mshono ndio unaokwaruza. Usifulie vitambaa hivi pamoja na taulo, na usitie dawa ya kulainisha nguo.

Sasa washa tena ile tochi. Usiridhike haraka. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuifanya ionekane imetoka. Baada ya kuosha mara mbili tatu inarudi yote. Ili ujue ukweli, futa eneo la majaribio kwa alkoholi ya aisopropili iliyopunguzwa kwa maji, au lioshe kwa shampuu, kisha tazama. Kama utando umepungua kwa kiasi kinachokuridhisha, umepata kipimo chako kwa gari zima. Kama haujapungua, rudia mara moja kwa polishi ileile. Ikishindikana tena, ndipo kompaundi laini iingie, kwenye eneo lilelile la majaribio, na baada yake polishi ifuate, kwa kuwa kompaundi huacha ukungu wake.

Uwe tayari kukubali gari ambalo halikunyooka kwa asilimia mia. Mkono hautaifuta mikwaruzo yote, na haupaswi kujaribu. Kwa maoni yangu, gari la kazi ambalo utando wake umepungua hadi usionekane kwa hatua mbili limeshapona. Fanya boneti na paa siku moja, milango na buti siku nyingine. Bega lililochoka hubonyeza vibaya. Panapoelekea kwenye kingo, inua mkono kabla hujafika.

Gari lililopakwa rangi upya gereji lina masharti yake. Klia ya gereji huendelea kukauka kwa wiki nyingi, kwa hiyo waksi isipakwe kabla ya mwezi mmoja hadi mitatu. Fuata atakavyokuambia fundi kuhusu klia aliyotumia. Pale palipowekwa pati, rangi haitabiriki. Pita kwa wepesi.

Waksi, na vitu vya kuacha

Polishi ikiisha rangi iko uchi, na siku hiyohiyo ifunikwe. Waksi ya kanauba, ambayo hutoka kwenye majani ya mnazi-mwitu unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil, inatoa mng'aro wa kina lakini kwenye jua letu hudumu wiki chache. Ile ya kutengenezwa kiwandani kwa polima hudumu zaidi. Paka nyembamba, ukipaka nene, inayozidi utaifuta tu. Maji yakiacha kusimama kama shanga juu ya boneti, waksi imekwisha.

Dawa ya meno ina chembe za kukwaruza ambazo hazikupimwa kwa ajili ya klia. Mafuta ya nazi na rangi ya viatu hukusanya vumbi. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 na DOT 4 hula rangi hadi praima, na lau yakimwagika kwa bahati mbaya, mwaga maji mengi papo hapo badala ya kufuta. Msasa wa maji namba 2000 umeonekana sana kwenye video za simu, ukifuatiwa na mng'aro wa ajabu. Anayeutumia pale ana kipimo cha unene wa rangi mkononi, wewe huna.

Ukiamua kumpa mtu mwingine kazi hii, muulize atatumia nini na ataanzia wapi. Anayekubali kujaribu eneo dogo kwanza ukiwepo mpe kazi. Anayechomeka mashine kabla hajaosha, mshukuru uondoke.

Kwa gari linalotembea kila siku na kulala nje, polishi mara moja kwa mwaka yatosha, na uoshaji ukirekebishwa hata hiyo inaweza kusubiri. Kinachofaa kufanywa kila mara ni waksi, na kinyesi cha ndege kitolewe siku hiyohiyo kwa kitambaa kilicholowa maji, kwa kukilaza juu yake hadi kilainike bila kusugua. Jua likishakichoma ndani ya klia, alama yake polishi ya mkono haiifikii.